Macho ya Nusu Shubiri

Mume wangu simtaji jina. Kwetu Najibabad mwanamke akimtaja mumewe kwa jina, watu humwangalia kana kwamba amevua ushungi sokoni, na mimi hata nikiwa peke yangu jikoni ulimi unakataa. Mwite Baba Farheen, kama ninavyomwita mimi. Farheen ni binti yetu wa pekee, ana miaka ishirini na mdomo haumkai, na mengi ya haya yalitokea yeye akiwa pembeni yangu anacheka.

Baba Farheen yuko Doha, huu mwaka wa kumi na saba. Sisi ni marafugari, watu wa kuziba matundu ya nguo mpaka mwenye nguo mwenyewe asijue palitoboka wapi. Huko anatengeneza majoho ya wakubwa, yale yenye ukingo wa uzi wa dhahabu, na kila baada ya miaka miwili anapewa siku thelathini aje nyumbani. Siku hizo nimezijumlisha mara nyingi kuliko kitu kingine chochote maishani mwangu. Safari nane, siku mia mbili na arobaini. Katika miaka yote hiyo sijakaa na mume wangu mwaka mmoja kamili. Watu waliponipa pole kwa ajili ya macho yangu nilikuwa nawashangaa, maana macho yalikuwa na miwani yake. Hilo lingine halikuwa na dawa dukani.

Macho yenyewe yalianza kunisumbua tangu utotoni. Nikiwa darasa la pili namba ya miwani ilikuwa tatu, nilipoolewa ikawa saba, na baada ya kumzaa Farheen ikasimama kwenye tisa. Asiye na namba hawezi kujua tisa ni nini. Nikivua miwani, dunia iliishia nusu shubiri kutoka kwenye pua yangu. Zaidi ya hapo palikuwa na rangi zinazotembea. Lakini ndani ya nusu shubiri ile nililipwa haki yangu yote. Niliona vinyweleo vya uzi. Niliona uzi mmoja wa sufu umesokotwa kuelekea mkono gani. Wengine walihitaji kioo cha kukuza na taa ya kuazima, mimi nilivua miwani tu nikainamia nguo mpaka pua ikaigusa.

Kwa hiyo kazi ngumu zilikuja kwangu. Baba Farheen aliniletea shali kuukuu, zile za sufu ya mbuzi wa milimani, nyepesi mno, zilizotobolewa na nondo, na asipokuja yeye alizituma kwa watu wanaorudi likizo. Nilichomoa uzi kwenye pindo la shali yenyewe, nikaurudisha pale katikati palipoliwa, juu ya mmoja, chini ya mmoja, siku kumi, wakati mwingine siku ishirini kwa tundu la ukubwa wa kucha. Kisha shali ilirudi Doha, na watu wakausifu mkono wake. Nyumbani kwetu hiyo haikuitwa kazi. Iliitwa kumalizia. Rafugari ni mwanamume, mwanamke humalizia. Mama yangu alimalizia, mama mkwe wangu alimalizia mpaka akafa, na mimi sikuwahi kuliona kosa katika neno hilo. Nilijivunia kwamba mume wangu ana jina.

Jina hilo ndilo tulilopanga kulitegemea uzeeni. Mpango wetu ulikuwa mmoja na haukubadilika: Baba Farheen angeacha Doha, angefungua kibanda mbele ya nyumba, na shali zingemfuata hapa kutoka Delhi na Lucknow kwa sababu wenye shali wanamjua. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha. Alisema akija safari hii ya nane tutaamua mwezi wa kurudi moja kwa moja, asionekane tena uwanja wa ndege ila akimsindikiza mtu. Mimi nililala na maneno hayo, nikaamka nayo.

Sasa nieleze aibu ya stesheni. Ukivaa nikabu na miwani pamoja, pumzi hupanda juu na kuvitia vioo mvuke, hasa wakati wa baridi. Safari yake ya tano alikuja Januari. Treni ya Delhi ilisimama, watu wakamwagika, na mimi nikaona koti la kahawia, mabega niliyoyafahamu na sanduku jekundu. Nikalikamata sanduku nikatangulia nalo, huku namgombeza bila kugeuka: umekonda, inaonekana huli, na mbona hukupiga simu treni ilipopita Moradabad. Yule mtu alinifuata kimya mpaka kwenye riksho. Alikuwa mfanyabiashara wa sukari guru kutoka Kiratpur, mtu wa heshima zake, na alinifuata kwa sababu sanduku lake lilikuwa mkononi mwangu. Baba Farheen alikuwa hatua tano nyuma yetu, ameshika mbavu kwa kicheko.

Wifi yangu Shakila, dada yake Baba Farheen, tunaishi naye ua mmoja. Huyo hasahau jambo kama lina uchungu ndani yake. Kwa miaka sita kila nilipotoka na baibui alinisimamisha mlangoni.

"Wifi, leo unakwenda kumpokea yupi? Wa Doha au wa Kiratpur?"

Nilikuwa nacheka naye, nifanyeje. Lakini jambo moja lilinikaa rohoni. Nina siku thelathini tu kwa miaka miwili, na za kwanza kabisa, zile dakika ambazo mtu anashuka kwenye behewa anatafuta wake ni nani, nilimpa mtu wa sukari guru. Nikawaza zaidi nikaona kwamba hata safari nyingine, kwa mvuke uleule, sikuwahi kumwona mume wangu akija. Wenzangu humwona mume anatokea mbali, anakuwa mkubwa kidogo kidogo. Wangu mimi alizuka mbele ya pua yangu, ameshajipanga, anatabasamu. Kwenye simu ya video ni vilevile, mtu anajiweka sawa kabla hajabonyeza. Nilitaka nimwone anakuja. Nilitaka hivyo kwa njaa kabisa, hakuna neno jingine.

Farheen ndiye aliyeleta habari ya mionzi ya kurekebisha macho. Mwalimu wake chuoni, aliyekuwa na namba saba, alikwenda Delhi Ijumaa na Jumatatu akafundisha bila miwani. Binti yangu alinionyesha picha, akanisomea kurasa nzima, na mwisho akasema, "Mama, unataka kumwona Baba au hutaki?" Tukakubaliana tusimwambie. Nilitaka nimtazame kabla hajajua kwamba anatazamwa.

Daktari aliyetupokea Delhi aliitwa Bedi, mama wa makamo, mtaratibu. Alinipima siku nzima. Alieleza kwamba mbele ya jicho pana ngozi angavu kama kioo cha saa, na mionzi huichonga iwe bapa zaidi, na mwenye namba kubwa huchongwa zaidi kuliko wengine, kwa hiyo lazima ngozi hiyo iwe nene. Yangu ilitosha, lakini haikuwa na cha kuchezea. Hakunificha kitu, namsifu kwa hilo. Alisema watu wa namba yangu si wote wanaotoka na sifuri, wengine hubakiwa na namba moja au moja na nusu, wengine namba huwarudia kidogo baada ya miaka. Alisema nitaona duara kuzunguka taa wakati wa giza, na macho yatakauka, nitie matone. Akasema na umri wangu, arobaini na saba, nitaona mbali, ila karibu nitataka miwani ya kusomea. Hapo akashika kalamu.

"Unafanya kazi gani?"

"Sifanyi kazi. Niko nyumbani."

"Kushona, kudarizi? Chochote cha karibu na macho, niambie. Naweza kupanga tofauti, hata kukushauri usifanye kabisa."

Farheen akadakia, "Humalizia tu kazi za Baba."

Daktari akacheka kidogo. "Sote tunamalizia kazi zao," akasema, akaandika kwamba mimi ni mama wa nyumbani.

Sikumdanganya. Watu wanaosikia kisa hiki hunitolea macho, wanasema nilikuwa na wazimu gani. Mimi nilijibu kama ambavyo mwanamke yeyote wa mtaa wetu angejibu, na hata angeniuliza mara mia ningejibu hivyohivyo. Kazi ilikuwa ya mume wangu. Kilichokuwa changu kilikuwa kiu ya kumwona.

Mionzi yenyewe haikuchukua muda. Nililala chali, nikaambiwa nitazame nukta ya kijani, nikasikia harufu ya nywele zinazoungua, na nilipojua kwamba ni mimi ninayenuka hivyo walikuwa wameshahamia jicho la pili. Siku mbili nilikaa na machozi na kope nzito. Siku ya tatu niliamka nikaona fundo la kamba ya feni kwenye dari. Nilidhani ninaota. Nikasoma bango la duka la ng'ambo ya barabara, kisha tarehe kwenye kalenda ya jirani. Tuliporudi Najibabad nikamwona wifi Shakila kutoka upande wa pili wa ua, na nikagundua ana ndevu tatu kidevuni. Nilizitazama kwa raha sana.

Katika mwezi wa pili baada ya mionzi daktari alinipima tena akafurahi kuliko mimi. Sifuri jicho la kulia, sifuri la kushoto. Alisema hata yeye hakuitegemea namba tisa itoke safi hivyo, akaniita mfano mzuri. Nyumbani, kila simu ya video ilipolia, Farheen alinivisha fremu ya miwani yangu ya zamani, tumeshang'oa vioo vyake, na Baba Farheen alizungumza nami bila kujua kitu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo tangu alipoondoka mara ya kwanza. Nilisafisha nyumba, nikapaka mlango rangi, nikahesabu siku.

Ndipo nikatoa shali. Ilikuwa imeletwa tangu kabla ya Delhi, ya rangi ya mbegu za haradali, na palikuwa na tundu kwenye ukingo wake. Nilikaa mahali pangu pa siku zote, dirishani, nikaiinamia mpaka pua ikaigusa. Palikuwa na ukungu wa njano. Nikaisogeza mbele, nikaisogeza nyuma, nikaipeleka mpaka mikono iliponyooka, na hapo ikawa nguo, lakini nyuzi hakuna. Nilipiga moyo konde. Nikanunua miwani ya kusomea, nikanunua na kioo cha kukuza chenye taa, na kwa vitu hivyo viwili niliziona nyuzi, lakini zilikuwa kama nyuzi za mtu mwingine. Nikisogea kidogo, zinakimbia. Nikipumua, zinazimika. Mkono wangu ulijifunza kufuata pua, sasa pua haikuwa na la kuuambia.

Nilifanya kazi majuma mawili, nikafumua, nikafuma tena. Nilipomaliza, Farheen aliichukua shali akaigeuza mara moja tu, akasema, "Mama, ni hapa." Alikuwa ameweka kidole palepale. Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuuona mkono wangu kwenye nguo.

Nilimpigia simu daktari Bedi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema namba ile tisa ndiyo iliyokuwa kioo changu cha kukuza, na ngozi ikishachongwa hairudishwi. Aliniuliza kwa upole kwa nini sikumwambia. Nikamshukuru nikakata.

Shali nikaifunga kitambaa, nikaiweka sandukuni chini ya nyingine. Nilijiambia, jina ni la Baba Farheen, mkono ni wa Baba Farheen, atakapokuja ataiondoa hiyo kasoro kwa siku mbili. Nilijiambia hivyo mara nyingi mno, na kila mara haraka kidogo kuliko mara iliyotangulia.

Alikuja Machi. Jua lilikuwa safi na Farheen alikuwa na mtihani, kwa hiyo nilikwenda stesheni peke yangu. Nilisimama karibu na ngazi, katikati ya wanawake wengine wenye baibui na nikabu, na moyo ulikuwa unanidunda mpaka nikaona aibu. Treni ikaingia. Nikamwona kwenye mlango wa behewa la nne, mbali, watu wapo kati yetu tele.

Sikumjua kwa sekunde moja, halafu nikamjua. Alikuwa ameshika chuma cha mlango anasubiri wengine washuke. Uso ulikuwa umeshuka wote, mdomo wazi kidogo, mashavu yamening'inia. Alikuwa mzee. Alitoa mguu mmoja, akausubiri wa pili, akaweka mkono kiunoni. Alikuwa amechoka uchovu ambao hauletwi na treni. Nilikuwa nalala na mtu huyu siku thelathini thelathini, na sikuwa nimewahi kuuona uso huu. Akaweka begi chini. Akapitisha kiganja usoni kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni, akakohoa, akanyanyua mabega, na nilipomtazama tena alikuwa ni Baba Farheen wangu, anatabasamu.

Kisha akaanza kunitafuta. Nikaelewa jambo ambalo sikulifikiria katika miezi yote ile ya njama na binti yangu. Mume wangu alikuwa akinijua kwa miwani. Katikati ya baibui arobaini, alitafuta vile vioo vinene juu ya nikabu, na leo havikuwepo. Alikuja na tabasamu lake tayari, akapita mbele yangu, ningenyoosha mkono ningeshika koti lake, akaenda zake.

Nilipaswa kuita. Sikuita. Nakiri kwamba nilikuwa mchoyo. Alikwenda mpaka mwisho wa jukwaa, akarudi, anainama kidogo kila penye mwanamke mfupi, na tabasamu likamtoka taratibu, na ule uso wa mlangoni ukarudi, ila sasa ulikuwa na hofu. Alitazama saa. Alitazama ngazi. Mwanamume wa miaka hamsini na miwili anazungukazunguka na begi kama aliyeangusha kitu. Sikuwahi kujua kwamba ananitafuta hivyo. Nilidhani kutamani ni kwangu mimi tu niliyebaki nyumbani, kwamba yeye ana kazi, ana wenzake, ana mji wenye taa. Nilimtazama mpaka machozi yakaniziba, na yalikuwa machozi ya dawa na ya kweli pamoja.

Akakaa kwenye benchi, akatoa simu, na yangu ikalia mkobani.

"Uko wapi?" akauliza.

"Nyuma yako."

Aligeuka. Alinitazama, akanivuka kwa macho, akatazama tena nyuma yangu. Ilibidi niseme, "Ni mimi, Baba Farheen," kwa mdomo bila simu, ndipo sauti ikampeleka mahali pake. Alisimama. Sikuona kicheko nilichokitarajia.

"Miwani iko wapi?"

"Sihitaji tena. Nimetengeneza macho."

"Umeniona tangu wapi?"

"Tangu mlangoni mwa behewa."

Alilichukua begi, akalihamisha mkono huu, akalirudisha mkono ule. "Basi umeniona," akasema. Tulipanda riksho, akalipakata begi mpaka tukapita soko la mboga.

Nyumbani alirudi kuwa yeye. Farheen alimsimulia fremu isiyo na vioo, wakacheka mpaka Shakila akaja kuuliza kuna nini. Baada ya chakula cha mchana binti alijitia ana shughuli, akatuachia chumba. Baba Farheen akanishika kidevu kama alivyozoea, akauleta uso wake kwenye ile nusu shubiri ambako miaka yote ndiko nilikomwona vizuri, kila kope, kovu dogo la tetekuwanga juu ya nyusi, rangi ya majani makavu iliyomo ndani ya jicho lake. Yeye hakuna aliyewahi kumwona hivyo isipokuwa mimi. Nilifungua macho nikaona wingu lenye joto.

"Rudi nyuma kidogo," nikamwambia.

Akarudi. Bado. Nikamwambia arudi tena, akarudi, anacheka, anadhani ni mchezo, mpaka mgongo wake ukagusa mlango.

"Hapa?"

"Hapo hapo. Hapo nakuona."

"Hapa si nipo Doha, Nuzhat," akasema, akaniita kwa jina, bado anacheka, halafu hakucheka. Nilimwambia aje tu, aje hata kama simwoni. Akaja. Nilimpapasa kovu kwa kidole, nikalikuta lipo.

Siku ya tatu aliuliza ile shali ya haradali. Nilimtolea. Hakuvaa miwani, hakuisogeza kwenye mwanga, aliipitisha kati ya vidole viwili na vidole vikasimama. Akakaa kitandani na shali mapajani. Nilianza kusema haraka haraka kwamba ni kitu kidogo, kwamba yeye ataiweka sawa, kwamba mkono wake unajulikana mpaka Lucknow.

"Mama Farheen," akasema, "mimi kazi hii sijaiweza tangu Farheen anatambaa."

"Lakini watu wanausifu mkono wako."

"Wanausifu wako. Mimi nashona ukingo wa majoho, uzi mnene, naweza hata usingizini. Shali nilikuwa nakuletea wewe."

"Ulijua hivyo miaka yote?"

"Nilijua. Nilifikiri na wewe unajua."

Nilikasirika, na hasira yangu ikiwaka huwa haichagui. Nikamuuliza kwa nini basi hakuna siku aliyofungua mdomo akasema Nuzhat, hii ni kazi, hii ni kazi yako. Kama angelisema mara moja, hata kwa mzaha, ningekuwa na neno la kumpa yule daktari. Alisema kwao, babake hakumwambia mamake, na babu hakumwambia bibi. Alisema hivyo kwa sauti ndogo, bila kujitetea. Hapo wote wawili tukawa tumefika, kwa mawazo, kwenye kile kibanda chetu cha uzeeni. Kibanda mbele ya nyumba kingefunguliwa kwa macho yangu. Hapakuwa na macho mengine.

Aliuongeza mkataba kwa simu, siku ya kumi na moja, akiwa amesimama uani amenipa kisogo. Miaka minne. Sikuhitaji kujumlisha, niliijua hesabu hiyo kabla hajakata simu. Mara mbili siku thelathini. Jioni ile nilitia chumvi kwenye dengu mara mbili, na wote wawili wakamaliza sahani zao.

Siku ya kuondoka tulikwenda stesheni watatu. Zamani kuagana kwetu kulikuwa kufupi. Alipanda behewa, treni ikavuta, na akifika hatua kumi kutoka kwangu, kwa mvuke wa vioo, alikuwa rangi moja kati ya rangi, nikarudi nyumbani nikalie. Yeye alijua hivyo, kwa hiyo hakuwa akijisumbua kupunga mkono. Alikuwa akiingia ndani akakae.

Safari hii hakuingia. Alisimama mlangoni, ameshika chuma, na alikuwa amevaa tabasamu. Treni ikaanza. Nilimwona kwenye hatua ya kumi, nikamwona kwenye nguzo ya maji, nikamwona anapita kibanda cha mlinzi wa reli, mdogo, wazi kabisa, kola ya shati, mkono juu, na tabasamu halijashuka hata kidogo. Hata alipokuwa bado karibu nilikuwa nimeona mashavu yanamtetemeka kwa kulishikilia. Alikuwa analibeba kwa ajili yangu, kwa sababu anajua sasa naona, na angelibeba hivyo mpaka kwenye mpindo wa reli, na mpindo ulikuwa mbali. Uso wake wa kweli nilipewa mara moja, ile siku hakujua.

Farheen alikuwa anapunga mkono kwa nguvu. "Mama, bado anaonekana," akasema, "mbona hutazami?"

Nilikuwa nimegeuka. Nilimpa mgongo, wazi, baibui lote, ili auone hata kutoka kule, apumzishe uso.